Usiku ukuta "uliposhuka": kisa cha vipimo vya mgodini na dhoruba ya Jua, Lubumbashi, Mei 2024

Usuli

Kisa hiki kinatoka kwenye mgodi mmoja wa shaba na kobalti nje ya Lubumbashi. Majina ya mgodi, ya mkandarasi na ya watu wote yameondolewa, na mambo machache ya mahali yamebadilishwa ili pasitambulike. Tarehe zimeachwa kama zilivyo, maana bila tarehe hakuna kisa.

Mgodi una bwawa la tope, yale mabaki yanayotoka baada ya mawe kusagwa na madini kutolewa. Tope limezuiwa na ukuta wa udongo ulioshindiliwa. Chini yake, bondeni, kuna nyumba za watu na mashamba ya mahindi na mihogo. Kikosi kidogo cha wapimaji kina kazi ya kuangalia kama ukuta unashuka au unasogea. Wanatumia vipokezi vya setilaiti: kimoja kimesimama kwenye nguzo ya saruji karibu na ofisi, kilometa kadhaa kutoka bwawani, na kingine kinabebwa na fundi kutoka nukta moja ya ukutani hadi nyingine. Kile cha nguzo kinajua mahali pake hasa, kwa hiyo kila sekunde kinakirushia chenzake, kwa redio, masahihisho ya makosa ambayo vyote viwili vinayapata. Hali ikiwa nzuri, usahihi unafika sentimita moja au mbili.

Mchana malori hupita juu ya ukuta, hivyo wapimaji walikuwa wamepewa saa za jioni, baada ya malori kupungua. Kanuni ilikuwa fupi: nukta yoyote ikishuka zaidi ya sentimita 5 tangu kipimo kilichotangulia, kiongozi wa zamu anaarifiwa mara moja na taratibu za hatari zinaanza. Kanuni haikusema lolote kuhusu namna ya kuhakikisha kwamba kilichoshuka ni ukuta kweli.

Kitu kingine cha kukumbuka: mgodi ulikuwa pia na foni, ile redio ya masafa marefu, kwa kuzungumza na kituo cha mbali ambako simu za mkononi hazishiki.

Jua lilikuwa linafanya nini wiki hiyo

Katika wiki ya kwanza ya Mei 2024 kundi la madoa kwenye uso wa Jua, lililopewa namba 13664, lilikua haraka sana hadi kufikia upana wa mara 15 hivi ya kipenyo cha Dunia. Madoa ni mahali ambapo uga wa sumaku umebanana na kujisokota. Msokoto huo ni nishati iliyowekwa akiba. Unapokatika na kujiunga upya, nishati hiyo hutoka kwa sura mbili, na hapa ndipo kisa chetu kinapolala.

Sura ya kwanza ni mwako: mwanga, na zaidi ya yote miale ya eksirei, inayofika kwetu baada ya dakika 8 hivi. Sura ya pili ni wingu. Mabilioni ya tani za plazma, yaani gesi ya chembe zenye umeme, pamoja na uga wa sumaku uliofungwa ndani yake, hutupwa kutoka kwenye korona, tabaka la nje la Jua. Wingu halisafiri kama mwanga. Lina kilometa milioni 150 za kukata, na kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu. Lililokimbia kuliko yote yaliyopimwa hadi Dunia, la Agosti 1972, lilitumia chini kidogo ya saa 15.

Kuanzia Jumatano, tarehe 8 Mei, kundi 13664 lilitupa mawingu kadhaa mfululizo kuelekea Dunia, na ya nyuma yalikuwa na mwendo mkubwa kuliko ya mbele. Wingu la kwanza hulazimika kusukumana na upepo wa Jua, ule mtiririko wa plazma unaovuma daima, na msukumano huo hulipunguzia kasi. Linalofuata hukuta njia imefagiliwa. Basi ya nyuma yakayafikia ya mbele, yakayabana, na kilichotufikia hapa duniani kilikuwa msongamano wa mawingu yaliyoingiliana.

Mbele ya msongamano huo lilitangulia wimbi la mshtuko. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu wapimaji niliozungumza nao walilidhani ni mlio fulani wa mlipuko unaosafiri angani. Mtu akiingiza lori sokoni, kata ya Kenya hapa Lubumbashi, siku ya watu wengi, kelele za "pisha!" zikitangulia lori watu watajigawa taratibu na kuacha njia. Lori likienda kasi kuliko kelele zenyewe, hakuna anayejigawa. Watu wanarundikana mbele ya bampa. Katika plazma ya angani habari husafiri kwa mawimbi ya sumaku na shinikizo, kwa mwendo wa makumi ya kilometa kwa sekunde, mara nyingine zaidi ya hapo. Wingu likiupita upepo wa Jua kwa tofauti inayozidi mwendo huo, plazma iliyo mbele haipati habari kwa wakati. Inarundikana ghafla: msongamano wa chembe unapanda, joto linapanda, uga wa sumaku unabanwa, vyote kwenye mpaka mwembamba. Mpaka huo ndio wimbi la mshtuko.

Wanafizikia wenyewe walisitasita kuliamini. Hewani wimbi la mshtuko huundwa na molekuli zinazogongana. Angani, karibu na Dunia, kuna chembe 5 hivi tu katika sentimita moja ya ujazo, na chembe moja inaweza kusafiri umbali unaokaribia ule wa Dunia na Jua bila kugonga nyingine. Mwaka 1955 Thomas Gold alipendekeza kwamba mawimbi hayo yapo hata hivyo, akiangalia jinsi sindano za sumaku duniani zinavyoruka kwa ghafla mno dhoruba inapoanza. Uthibitisho ulikuja mwaka 1962, chombo cha Mariner 2 kilipopitiwa na wimbi la namna hiyo kikiwa njiani kwenda Zuhura. Mgongano wa chembe kwa chembe hauhitajiki: uga wa sumaku na wa umeme ndio unaozishika chembe na kuzigeuza.

Mfululizo wa matukio

Ijumaa tarehe 10 Mei, saa 2:54 asubuhi kwa saa za Lubumbashi, mwako mkubwa wa daraja X, daraja la juu kabisa la miwako, ulifikia kilele. Jua lilikuwa limeshapanda upande wetu wa Dunia. Eksirei ziliongeza chembe zenye umeme katika tabaka la chini la ionosfia, ile sehemu ya juu ya anga yenye chembe za umeme, na tabaka hilo likaanza kumeza mawimbi ya redio ya masafa marefu. Foni ya mgodi ikanyamaza katikati ya mazungumzo ya asubuhi. Mwendeshaji alibadili masafa, akakagua waya wa antena, akakagua betri. Baada ya muda kituo cha mbali kikaanza kusikika tena, kwanza kwa mkwaruzo, kisha vizuri.

Kabla ya adhuhuri ujumbe ulizunguka kwenye WhatsApp ya wafanyakazi, ukisema Jua limelipuka na mawasiliano ya redio yamekatika sehemu za Afrika na Asia. Ujumbe ulikuwa wa kweli, na mwendeshaji wa foni alifurahi kupata maelezo. Kiongozi wa wapimaji naye aliusoma. Anakumbukwa kusema: "Jua imesha kupiga, imepita. Tuendelee na kazi."

Saa 12:37 jioni vyombo vilivyoko kilometa milioni 1.5 kutoka Dunia, upande wa Jua, vilipitiwa na wimbi la mshtuko. Kasi ya upepo wa Jua iliruka pale pale kutoka takriban kilometa 450 kwa sekunde hadi karibu 700, kisha ikaendelea kupanda. Karibu nusu saa baadaye, saa 1:05 usiku, sindano za sumaku duniani kote ziliruka kwa pamoja. Ukutani, mafundi wawili walikuwa wameanza kazi dakika chache kabla.

Nukta za kwanza hazikuwa na shida. Baadaye kipokezi kikaanza kupoteza setilaiti, kikizipata tena na kuzipoteza. Kwa vipindi virefu hakikuweza kutoa jibu la uhakika, lile ambalo mafundi wanaliita "fiksi". Fiksi iliporudi, nukta tatu za katikati ya ukuta zilionekana zimeshuka zaidi ya sentimita 10. Fundi mkubwa alizima kifaa, akakiwasha upya, na ili kukipa nafasi akafuta faili ghafi za jioni ile. Kipimo kipya kikatoa jibu lilelile kwa nukta mbili. Akapiga simu kwa kiongozi wa zamu.

Maamuzi ya usiku na sababu zake

Kiongozi wa zamu alikuwa na njia tatu. Angeweza kupiga king'ora na kuwatoa watu wa bondeni gizani. Angeweza kusema kifaa kimeharibika na kungoja asubuhi. Au angetafuta ushahidi wa pili haraka. Kanuni iliyoandikwa ilimsukuma kwenye njia ya kwanza. Uzoefu wa kifaa kile, ambacho kiliwahi kusumbua, ulimvuta kwenye ya pili.

Alianza kwa kusimamisha malori yote juu ya ukuta. Halafu akatuma watu wawili wenye taa waende chini ya ukuta kuangalia kama maji yanatoka mahali pasipo pa kawaida, au kama kuna ufa. Akamtuma mwingine asome mabomba ya kupimia kina cha maji ndani ya ukuta. Kisha akampigia shefu wa kitongoji kilicho bondeni, mzee wa makamo, akamwambia: "Baba, kuna kipimo kinachotutia wasiwasi. Hatujajua bado. Naomba usilale, na simu iwe wazi." Shefu aliuliza kama awaamshe watu. Akajibiwa angoje saa moja.

Hatua iliyoamua usiku ule ilitoka kwa fundi mdogo, aliyekuwa kazini kwa miezi michache tu. "Shefu," alimwambia kiongozi wake, "tupime kwanza ile nukta ya ku mabwe. Kama nayo inatembea, basi ukuta haina kosa." Alikuwa na maana ya nukta ya zamani iliyochongwa kwenye mwamba, nje kabisa ya ukuta, ambayo hakuna aliyeipima muda mrefu kwa sababu haikuwa kwenye orodha ya kazi.

Waliipima. Mwamba nao "ulikuwa umeshuka", kwa kiasi kinachokaribiana na cha ukuta. Walipoirudia baada ya dakika kumi, mwamba ulikuwa umepanda juu ya mahali pake. Wakarudia tena na kupata jibu la tatu. Wakati huo watu wa taa waliripoti pakavu, na mabomba yalionyesha maji yako pale yalipokuwa wiki nzima. Kiongozi wa zamu akaamua king'ora kisipigwe, malori yabaki yamesimama hadi asubuhi, walinzi wakae chini ya ukuta usiku kucha, na shefu wa kitongoji aelezwe hivyo bila kufichwa kitu. Alielezwa. Hakulala hata hivyo.

Matokeo

Kulipopambazuka Jumamosi walitumia stasyoni totali, kifaa kinachopima pembe na umbali kwa miale ya leza hadi vioo vilivyofungwa ukutani. Hicho hakitegemei setilaiti. Ukuta ulikuwa mahali pake. Vipimo vya setilaiti viliendelea kuyumba siku ile na vikaachwa kwa muda. Dhoruba yenyewe ilikuwa imefikia daraja la juu kabisa la kipimo cha ngazi tano, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Oktoba 2003. Marekani, ambako ulikuwa msimu wa kupanda, wakulima wenye matrekta yanayoongozwa na setilaiti walilazimika kuyasimamisha.

Hasara ya mgodi ilikuwa usiku mmoja wa malori. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyehamishwa. Umeme pia ulikatika kitongojini usiku uleule, na wapo walioliongeza hilo kwenye hesabu ya Jua. Sijaona sababu ya kuliongeza. Umeme wa Lubumbashi hauhitaji kundi 13664 ili ukatike.

Uchambuzi: nini kilikwenda mrama

Kosa la msingi lilifanyika mchana, kabla ya kipimo chochote kuharibika. Ujumbe wa WhatsApp ulieleza mwako, na mwako kweli ulikuwa umepita. Lakini mshtuko uliofika jioni haukuwa hata mtoto wa mwako ule. Ulitokana na mawingu yaliyotupwa tangu Jumatano, ambayo Ijumaa asubuhi yalikuwa yamekwisha kukata sehemu kubwa ya njia. Wingu lililotoka pamoja na mwako wa asubuhi lilikuwa bado nyuma. Aliyesikia "Jua limelipuka leo" akadhani anasikia habari ya kitu kimoja chenye mwanzo na mwisho. Angani kulikuwa na vitu kadhaa, kila kimoja na ratiba yake. Ukimya wa foni ulioisha baada ya muda uliwapa watu hisia kwamba wameshalipa deni.

Tahadhari sahihi ilikuwepo. Kituo cha utabiri cha NOAA, shirika la bahari na anga la Marekani, kilitangaza tangu Alhamisi, tarehe 9, uwezekano wa dhoruba ya daraja la nne kati ya matano, tangazo la kwanza la namna hiyo tangu 2005. Barani kwetu kuna kituo cha hali ya anga ya juu cha shirika la anga la Afrika Kusini, kilichoko Hermanus, kinachofanya kazi mchana na usiku. Habari hizo hazikumfikia mpimaji hata mmoja kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuzitafuta. Ile nusu saa kati ya vyombo vya angani na Dunia ingetosha kabisa kuwaambia mafundi wawili washuke ukutani wanywe chai.

Kosa la pili ni faili zilizofutwa. Kwa maoni yangu hili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu lilifanywa na mtu aliyejua thamani yake. Vipimo ghafi vya saa ya kwanza ndivyo vingeonyesha ni setilaiti zipi zilipotea, upande gani wa anga, na kwa kufuatana vipi. Kilichobaki ni kumbukumbu ya kipokezi cha nguzo na maandishi ya daftari.

Kwa nini vipimo viliruka

Mawimbi ya setilaiti hupita kwenye ionosfia na kucheleweshwa na elektroni zilizomo. Ongezeko la elektroni bilioni 10,000,000 juu ya kila mita ya mraba, kiasi kidogo kwa ionosfia ya kitropiki, hurefusha njia ya wimbi kuu la GPS kwa sentimita 16 hivi. Mfumo wa vipokezi viwili unaishi kwa dhana moja: kwamba anga juu ya nguzo na anga juu ya ukuta zinafanana, hivyo kosa la kimoja hufuta la kingine. Siku ya kawaida dhana hiyo ni kweli.

Wimbi la mshtuko lenyewe lilibana tu uga wa sumaku wa Dunia. Kilichoitikisa anga yetu ni plazma iliyofuata nyuma yake, ambamo uga wa sumaku ulielekea kusini kwa nguvu iliyofika karibu nanotesla 50 (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), mara kumi hivi ya uga mzima wa siku za kawaida. Uga unaoelekea kusini hufungamana na ule wa Dunia na kuifungua njia ya nishati. Uga wa umeme huingia hadi ukanda wa ikweta, na jioni, muda mfupi baada ya machweo, huiinua ionosfia na kuipasua iwe na mapovu matupu kando ya maeneo mazito. Katika Afrika ikweta ya sumaku inapita mbali kaskazini ya ikweta ya ramani, kuelekea Nigeria na Ethiopia. Lubumbashi kwa hiyo iko kusini kidogo ya mojawapo ya kanda mbili ambako elektroni hurundikana jioni, na wakati wa dhoruba kubwa kanda hizo husukumwa mbali zaidi na ikweta.

Wimbi kuu la GPS lina urefu wa sentimita 19. Kipokezi hupata usahihi wake kwa kuhesabu mawimbi mazima. Kikikatizwa na povu kisha kikahesabu pungufu moja kwa setilaiti mbili au tatu, kitatangaza fiksi kwa ujasiri wote na nukta itakuwa imeruka sentimita kumi na kitu. Hiyo ndiyo sura hasa ya makosa ya usiku ule.

Je, yote ni ya dhoruba? Mapovu hutokea pia jioni zisizo na dhoruba, hasa miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, na mafundi walikuwa wamewahi kulalamika kuhusu "jioni mbovu" mwezi Machi. Ningesema dhoruba ilikuwa sababu kuu, kwa kuzingatia saa na ukubwa wa mruko. Lakini saa za jioni zilizochaguliwa kwa ajili ya malori zilikuwa tayari ndizo saa dhaifu zaidi kwa kipimo cha setilaiti katika nchi hii, na hakuna aliyewauliza wapimaji zilipopangwa.

Nini kilifanya kazi, na kwa kiasi gani

Nukta ya mwamba inasifiwa sana na waliokuwepo, na inastahili. Hata hivyo ilithibitisha jambo moja tu: kwamba kipimo hakiaminiki. Haikuthibitisha kwamba ukuta ni mzima. Ukuta ungeweza kushuka kweli usiku uleule wa dhoruba. Kilichompa kiongozi wa zamu haki ya kungoja asubuhi ni mabomba ya maji na watu wa taa, na kama mabomba yangekuwa hayasomeki, ningetaka king'ora kipigwe, dhoruba au pasipo dhoruba.

Baada ya kisa, nukta ya mwamba iliingizwa kwenye orodha ya kila jioni, mwanzo na mwisho wa kazi. Kufuta faili ghafi kulipigwa marufuku. Mwendeshaji wa foni ndiye aliyepewa jukumu la kuangalia tahadhari za anga ya juu kila asubuhi na kila saa 12 jioni, kwa kuwa ndiye pekee ambaye Jua lilikuwa limemfundisha kitu siku ile. Suala moja halijafungwa. Shefu wa kitongoji anataka iandikwe kwamba ataarifiwa wakati uleule kiongozi wa zamu anapoarifiwa, na kwamba uamuzi wa kuamsha watu wake ni wake. Mgodi unataka kwanza ushahidi wa pili. Mara ya mwisho nilipouliza, rasimu ya kanuni ilikuwa bado mezani, na pande zote mbili hazijatia sahihi.